Karatasi za Darasa la Tano

Nyumba za Walimu,
Matsangoni.
Jumamosi, 19 Julai 1986.

Kwa dada yangu mpenzi Zuleikha,

Asalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo, Da Zule. Natumai homa imekwisha kukuacha, shemeji Awadh yu salama na kazi zake, na yule mdogo meno yameshatoka akawaachia mlale. Mimi mwilini sina ugonjwa wowote, namshukuru Mungu. Kwa mengine utanijua ukifika mwisho wa barua hii. Nakuomba uisome kwanza ukiwa peke yako, usiifungue mbele ya mkweo.

Barua yako ya tarehe tano niliipata, pamoja na leso na dawa ya kikohozi. Umeniuliza mbona siku ya kisomo cha shukrani nyumbani Malindi nilijifungia jikoni nikikuna nazi ambazo hakuna aliyezihitaji, na mbona Mjomba Farjallah alipokuwa akishukuriwa mimi niliinuka kama naenda kutawadha na sikurudi tena. Umesema labda bado nina hofu. Ninayo, dada, lakini si hiyo uliyoidhania. Niache nikusimulie kwa utaratibu, maana nikianza na mwisho utanichukia kabla hujanielewa.

Unajua nilivyolikuta darasa la tano nilipoletwa hapa. Watoto nyumbani husema Kigiriama, dukani Kiswahili, na Kiingereza hukisikia kwa Wazungu wa Watamu wakiuliza bei ya embe. Mwalimu aliyenitangulia aliwakaririsha kanuni za sarufi mpaka wakawa wanaziimba macho wamefumba, na ukiwaambia waandike walichofanya jana, wanaandika kama wanakifanya sasa hivi. Akikosea mmoja, wote huinamisha vichwa wakingoja fimbo. Ndipo nilipokuandikia uniletee zile karatasi za manila na mkasi. Nilizikata vipande vidogo, kila kipande neno moja, nikavikunja mara nne.

Mchezo wa kwanza niliuita Posta. Darasa lilikuwa safu mbili, kila safu timu yake. Karatasi zilipita mkono kwa mkono chini ya madawati, mpaka zimfikie kiongozi wa mbele, yeye azifungue azipange ziwe sentensi. Kama ndani yake kuna neno jana, kitenzi lazima kigeuke. Kama kuna kesho, kigeuke tena vingine. Anayesema neno kwa sauti, au anayemwonesha jirani karatasi yake, timu yake inapoteza alama. Na mtu akipita dirishani, wote wanaficha. Hiyo kanuni ya kuficha niliitunga mwenyewe, kwa ajili ya kuutia mchezo utamu tu. Siwezi kukwambia nimeijutia mara ngapi.

Mchezo wa pili ulikuwa wa makopo matatu ya maziwa. La kwanza lilikuwa la nani, la pili la kafanya nini, la tatu la lini. Mtoto huokota karatasi moja katika kila kopo, akaziunga kwa Kiingereza sawasawa. Tulicheka, Da Zule! Mpishi wa skuli alimeza kengele jana. Ng'ombe ataoa Jumatatu. Kulikuwa na msichana mmoja, Sidi, binti wa Mzee Masha mkulima wa mihogo, ambaye tangu mwaka uanze sikuwahi kusikia sauti yake. Siku moja aliokota karatasi ya kwenda na karatasi ya jana, akapanda juu ya benchi akapaza sauti akasema "went!", na si kile "goed" walichokuwa wakisema wenzake. Darasa zima likampigia makofi. Tangu siku hiyo alikuwa hanyamazi.

Sasa mwaka huu nawe unaujua ulivyo. Huko kwenu Mombasa mmeona watu wakichukuliwa kwa ajili ya vikaratasi vya siri vya kuipinga serikali, na magazeti yakitaja walimu na wanafunzi waliofungwa. Hapa kwetu pia, mwezi wa tatu mwalimu mkuu wetu, Bwana Kaingu, alituita ofisini akafunga mlango mchana kweupe, akatuambia kila mmoja achunge anachosoma, anachosikiliza na anachoacha juu ya meza. Siku ya pili nikamwona nyuma ya choo akichoma magazeti ya zamani, yakiwamo yale ya michezo. Tangu hapo ofisi ya walimu ikawa kimya. Ukiingia, waliokuwa wakizungumza wanaanza kusifu chai.

Katika hali hiyo ndipo nilipoanza kumwona Mwalimu Joram kwa jicho jingine. Sijakusimulia habari zake. Alikuja Januari kutoka bara, upande wa magharibi kule, kufundisha hesabu. Kijana mtaratibu, viatu vyake vimepigwa rangi hata siku za matope. Ana redio ndogo ambayo huisikiliza sikioni jioni barazani kwake. Alikuwa na tabia ya kusimama kwenye dirisha la darasa langu kipindi cha Kiingereza. Kwanza nilidhani anapita. Kisha akawa anakuja kila Jumanne na Alhamisi, anasimama mpaka kengele. Akaniuliza ni nani aliyenifunza michezo ile. Akaniuliza karatasi ni ngapi. Akaniuliza mtoto yupi alijua nini kabla na yupi hakujua. Mimi nikajibu kwa mkato, na kila jibu nililompa nikalirudia moyoni nikitafuta kosa ndani yake.

Jumatatu ya tarehe kumi na sita Juni, wiki moja baada ya Idi, nilifungua kabati la ofisi nitafute chaki. Bwana Kaingu alikuwa amesahau kulifunga. Juu ya vitabu vya hesabu palikuwa na daftari la jalada la buluu lenye jina la Joram. Nililifunua. Kurasa za mwanzo zilikuwa na tarehe, saa, sentensi za watoto wangu neno kwa neno, na majina yao mbele ya kila sentensi. Sidi Masha, saa nne na robo. Nikajiambia: ndiye huyu, ananiandikia ripoti. Sikusoma mbele. Nikalitia daftari mkobani, nikakusudia kumpelekea Bwana Kaingu, kisha nikamwogopa Bwana Kaingu pia. Nikakaa nalo siku mbili. Katika siku hizo Joram aliniuliza kwa upole kama nimeliona daftari lake, nami nikamjibu kuwa sijaliona.

Jumatano wakaja watu wawili kwa Landirova, mashati ya mikono mifupi, wapole wa maneno. Bwana Kaingu aliwaonesha mlango wa darasa langu bila kuingia. Wakaniambia nichukue mkoba na buibui langu, tunakwenda Kilifi kuzungumza kidogo. Watoto walikuwa katikati ya Posta. Walipowaona wale wanaume dirishani, wote kwa pamoja wakaficha karatasi, kama nilivyowafunza.

Walinitia katika chumba cha ofisi moja isiyo na kibao mlangoni. Mezani palikuwa na vipande vyangu vitatu vya manila. Mkubwa wao, mtu wa sauti ya chini, alivipanga mbele yangu akanitaka nivisome kwa sauti. Kwa Kiswahili ni kusema: bwana mkubwa atakimbia kesho. Nikamweleza kuwa huyo mkubwa ni lile jitu la kwenye kitabu cha hadithi, na kukimbia ni kitenzi, na kesho ni ya kuwafunza wakati ujao. Nilimweleza habari za vitenzi kama robo saa nzima. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akaniuliza, "Na kuficha mtu akipita, Mwalimu, hiyo nayo ni sarufi?"

Mnalojua nyinyi nyumbani ni kwamba habari zilifika Malindi mapema, Mjomba Farjallah akavaa kanzu na koti, akapanda gari na wazee wawili, akafika Kilifi akazungumza na watu anaofahamiana nao, na baada ya alasiri nikatoka. Mama alilia akambusu mikono. Kikasomwa kisomo, ukapikwa pilau, na kila aliyeingia alisema Mungu amrefushie umri Farjallah aliyemtoa mtoto kwenye mdomo wa simba.

Da Zule, Mjomba hakunitoa. Mjomba alipofika nilikuwa nimekwisha kujitoa mwenyewe. Nilikuwa nangoja karani amalize kupiga taipu maneno yangu ili nitie sahihi.

Yule mkubwa aliniuliza ni nani aliyenipa mchezo ule. Nikasema hakuna. Akaniuliza tena. Akanieleza, taratibu vile vile, ya wanawake waliokaa ndani muda mrefu kwa kusema hakuna. Wala hakunigusa, wallahi hakuninyanyulia hata kidole. Nikasema yupo mwalimu wa hesabu. Nikasema ndiye aliyenipa fikra ile, na husimama dirishani kuangalia kama inafanyika. Nikasema ana redio na huisikiliza sikioni. Kisha, bila ya kuulizwa, nikafungua mkoba wangu, nikalitoa daftari la buluu, nikaliweka mezani. Nililisukuma kwa vidole viwili. Akalifunua, akasema, "Hapo sasa umetusaidia, dada," na mwenzake akaenda kuniletea soda.

Moyoni nilijiambia namrudishia alichonifanyia. Alikuwa ananichoma, nami nimewahi. Ndivyo nilivyojiambia.

Tulipotoka, mimi na Mjomba na wale wazee, tulisimama kando ya barabara tukingoja gari letu ligeuze. Landirova ikaja kutoka upande wa Matsangoni. Joram alikuwa nyuma kati ya wanaume wawili. Aliponiona nimesimama na watu wangu, uso wake ulifurahi, Da Zule. Akaninyanyulia mkono. Mjomba akaniuliza ni nani yule. Nikamwambia simjui.

Nikarudi skuli baada ya kisomo, Jumatatu ya mwisho wa mwezi. Jumatano yake akanijia Mzee Masha nyumbani, ameshika kuku. Hakutaka kuingia, alisimama kizingitini akageuza kofia yake mkononi. Alinambia kuna jambo limekuwa likimsumbua na hajui kama ni kosa. Akasema binti yake alirudi nyumbani na vikaratasi mfukoni, akawa anavisoma kwa Kizungu akicheka. Yeye hajui kusoma. Alitamani kujua mwanawe amejifunza nini, basi akavichukua akampelekea naibu wa chifu amsomee. Naibu wa chifu akavisoma, akasimama, akamwambia aende zake na asiseme na mtu. Mzee Masha akaniuliza, "Mwalimu, ni mimi niliyewaharibia?"

Nikamwambia si yeye. Nikampokea kuku, maana angekataliwa angeumia zaidi. Alipoondoka nilikaa chini palepale mlangoni. Basi Joram hakupeleka neno lolote kwa mtu yeyote. Kumbe muda wote ule nilikuwa namhesabia hatua mtu aliyekuwa akitembea tu. Na bado nilitafuta pa kutorokea. Nikajiuliza, na lile daftari je? Tarehe na saa na majina ya watoto, mtu huandika hivyo kwa heri gani?

Jibu lilikuja Jumatatu iliyofuata. Joram alirudi baada ya siku kumi na tisa kuchukua vitu vyake. Alikuwa amepewa barua ya uhamisho, apelekwe skuli ya ndani huko upande wa Ganze. Walimu waliposikia amefika kila mmoja akapata kazi ya kufanya darasani. Nami nilipita mara mbili mbele ya nyumba yake ndipo nikabisha hodi.

Alikuwa amevaa champali. Miguu ilikuwa imevimba hata viatu visingeingia, na alikuwa akiviweka vile viatu vyake sandukuni, vimepigwa rangi. Alinikaribisha kwa furaha, akaomba radhi kuwa kiti amekwisha kukifunga. Akaniuliza kama walinitesa. Nikasema hapana. Akamshukuru Mungu, dada, akasema alikuwa akiniwazia. Kisha akanambia amekwisha kumjua aliyemchoma. Ni Kaingu. Kaingu ndiye mwenye ufunguo wa kabati, na daftari lilitoka kabatini likafika Kilifi lenyewe. Akasema hatamfanya kitu, ila kabla ya kuondoka atasimama mbele ya walimu wote amwambie usoni.

Ningeweza kunyamaza. Angesema yake akaenda Ganze, na Bwana Kaingu, ambaye kosa lake ni woga tu, angebaki na jina hilo mpaka kufa. Nilifikiri hivyo nikiwa nimesimama pale, sikufichi. Nililifikiri kwa muda wa kutosha.

Nikasema, "Kabati lilikuwa wazi. Ni mimi."

Hakuelewa mara moja. Nikamweleza yote, la redio, la dirisha, la vidole viwili. Alisikiliza huku akifunga kamba ya godoro, na nilipomaliza alikuwa ameikaza ile kamba mpaka godoro likawa kama limekatika sehemu mbili. Akauliza, "Ulilisoma?"

Nikasema kurasa za mwanzo.

"Ungefika mwisho, Mwalimu."

Mwisho kulikuwa na barua aliyokuwa akiiandika humo. Alikuwa akimwandikia mkaguzi wa skuli kuomba nialikwe kwenye kozi ya walimu mwezi wa nane, niwaoneshe wenzangu jinsi ya kufundisha sarufi kwa michezo. Tarehe na majina yalikuwa ushahidi wake: mtoto fulani Januari hakujua wakati uliopita, Mei anaujua. Aliandika kuwa mwalimu mwenzake anastahili kusikilizwa, na pa jina langu akaacha nafasi, kwa sababu hakujua Mahfudha huandikwa vipi kwa Kiingereza na aliona haya kuniuliza kabla mambo hayajawa tayari. Wale watu waliisoma barua ile wakadhani michezo na kozi ni maneno ya kuficha maneno mengine. Walichotaka kwake siku zote zile ni jina la kujaza pale palipoachwa wazi, wakidhani ndiye kiongozi wa wote.

"Sikuwapa," akasema. "Nilidhani wakilipata watakurudisha."

Hakunitukana. Ningependa anitukane. Nilinyosha mkono kumsaidia kubeba sanduku, akaliondoa taratibu, akasema nitangulie kutoka mimi, kisha yeye atatoka baadaye, maana si vizuri kwetu sote wawili watu wakituona pamoja. Akaondoka saa nane mchana na hakumsemesha mwalimu yeyote.

Nilikaa siku tisa nikiandika na kuchana. Mwishowe niliandika ukurasa mmoja, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kuwa michezo ni yangu, karatasi ni zangu, kanuni ya kuficha ni yangu, na kwamba yale niliyosema juu ya Mwalimu Joram niliyasema kwa hofu na si kweli. Nilimpelekea Bwana Kaingu aupige muhuri. Aliusoma mara mbili, akanirudishia kwa mikono miwili kama anayerudisha chungu cha moto, akasema ana watoto saba. Simlaumu. Juzi Alhamisi niliomba ruhusa ya ugonjwa nikaenda nao Kilifi peke yangu. Nakala moja niliiacha idara ya elimu, nyingine pale pasipo na kibao. Karani aliyeipokea aliniuliza kama nina hakika. Nikasema ninayo. Akaniuliza tena, akanitazama kama anayenipa nafasi ya kusahau njia iliyonileta. Nikamwomba aitie tarehe.

Jana niliingia darasani na vipande vipya. Nilipoviweka mezani hakuna mtoto aliyenyosha mkono. Waliweka viganja vyote viwili juu ya madawati, wazi, ili nione kuwa hawana kitu. Nikamwita Sidi kwa jina. Alisimama, akatazama dirishani, kisha akaniuliza kwa Kiswahili, sauti ndogo, kama sentensi hii nayo itampeleka mtu Kilifi. Nikashindwa kumwambia haitampeleka. Niliwaandikia kanuni ubaoni, wakaziimba.

Da Zule, nina maombi mawili. La kwanza, umwendee Mama ana kwa ana, umweleze yote, usipunguze. Mimi mdomo unanishinda, na sitaki alisikie kisimani kwa watu. Atauliza kama nililazimishwa. Mwambie nilitishwa, lakini daftari nililitoa mwenyewe. La pili, kama wale watu wataniita tena kwa ajili ya huu ukurasa niliowapelekea, na nadhani wataniita, msimtume Mjomba Farjallah. Safari hii nataka nikae mbele ya meza ile na kusema kweli mpaka nimalize, asije mtu akanitoa katikati.

Nisalimie shemeji Awadh, wabusu watoto mmoja mmoja, na mdogo mpe busu la zaidi. Mfikishie jirani yako Shekha salamu zangu na umwambie kitambaa chake kiko tayari, kimekaa mezani hapa kinangoja wa kukichukua. Niombee dua, dada, na umwombee Joram kwa jina lake, japokuwa si wa dini yetu.

Wako, mdogo wako aliyekosa,
Mahfudha.